Kitabu Kisicho na Doa la Nta

Doa halikuwepo. Mebrahtu alisimama nyuma ya wageni wake, viatu kavua, mgongo kauegemeza kwenye nguzo ya mwamba, akautazama ukurasa ule mpaka macho yakamuuma. Chini ya mguu wa picha ya Mtakatifu Luka, pale ambapo mshumaa wa padri wao, Keshi Welday mwenyewe, ulidondosha nta katika mkesha wa Pasaka, na mashemasi wadogo wakacheka hadi wakatolewa nje, palikuwa safi. Ngozi tupu ya mbuzi. Na Mebrahtu alikuwa mmoja wa wale mashemasi waliotolewa nje, kwa hiyo hakuhitaji kuhadithiwa.

"Hii ni Injili," alisema Keshi Welday, akiwa amekipakata kitabu mapajani kama mtoto mgonjwa.

"Anasema hii ni Injili," Mebrahtu akawatafsiria wageni, kisha kinywa chake kikaongeza chenyewe, kwa mazoea ya kazi: "Ni mojawapo ya vitabu vikongwe kabisa vya nchi hii."

Wageni wakashusha pumzi kwa heshima. Mebrahtu hakushusha pumzi. Siku hiyo, aliposhuka jabalini, alikuwa na hakika ya jambo moja tu: padri wa kanisa lililombatiza alikuwa ameuza kitabu cha kanisa.

Mebrahtu alizaliwa chini ya jabali hilohilo, Mai Awli, kijiji cha nyumba za mawe na nyua za mpungate upande wa Hawzen. Utotoni alichunga mbuzi asubuhi na kushika mwavuli wa kanisa siku za sikukuu. Alipofaulu, mama yake aliuza fahali, akampeleka chuoni Mekelle kusoma historia. Vita vilimkuta huko, vikamfungia huko, na vilipokwisha alirudi nyumbani na shahada isiyo na ajira. Akavaa kitambulisho cha waongoza wageni shingoni. Tangu hapo kazi yake ikawa kuwachukua watu Hawzen asubuhi, kuwapandisha kwenye makanisa yaliyochongwa ndani ya miamba, kuwasimulia jinsi imani ilivyofika huku kabla haijafika kwao wengi, na kuwarudisha kabla jua halijazama.

Aliipenda kazi hiyo kwa hasira. Chuoni alikuwa amejifunza vitabu vyetu vinalala wapi. Vinalala ughaibuni ndani ya vioo, vimepigwa namba kama wafungwa, na sisi tukitaka kuviona tunaomba viza. Havikwenda huko kwa mabawa. Kila kimoja kilitolewa mlangoni na mtu aliyekuwa na ufunguo. Mebrahtu alikuwa ameapa kwamba katika Mai Awli mtu huyo hatapatikana. Na sasa mtu huyo alikuwa amepatikana, ana ndevu nyeupe na kilemba, na ndiye aliyemfundisha kusoma.

Ukishamshuku mtu, kila kitu chake kinakuwa ushahidi. Nyumba ya Keshi, iliyokuwa na paa la udongo tangu enzi za baba yake, ilikuwa imeezekwa bati jipya. Zamani kitabu kilikuwa kikiwekwa juu ya meza ya kusomea na watu wakikizunguka, lakini sasa kilikaa mapajani mwa Keshi, na ni yeye pekee aliyefunua kurasa, upesi upesi. Na Aboy Redae, mtunza mali wa kanisa, mzee ambaye zamani hukumwona jabalini ila Jumapili, sasa kila wageni walipopanda alikuwa keshafika, amekaa mlangoni na fimbo yake, haongei, anahesabu nyuso.

"Mama," Mebrahtu alimuuliza mama yake jioni moja, "bati la Keshi limetoka wapi?"

"Dukani."

"Najua dukani. Pesa je?"

"Binti yake yuko Riyadh, anafua nguo za watu. Ulitaka atume mchanga?"

"Huyo binti yuko Riyadh siku nyingi. Mbona bati limekuja baada ya vita?"

Mama yake, Adey Letemariam, alikuwa ameegemea kihenge chake cha shayiri, kama alivyopenda kukiegemea siku hizi, akipepea makaa ya kahawa. Hakuinua macho.

"Hicho chuo, mwanangu, kilikufundisha kuhesabu mabati ya watu? Kunywa kahawa."

Akanywa. Lakini jambo likikukaa kooni halishuki kwa kahawa. Safari iliyofuata ya Mekelle alimtafuta Natnael, rafiki yake wa chuo, ambaye sasa alikuwa akipanga safari za wageni kwa simu mbili na kiti cha kuzunguka. Walikaa kwenye baa, na Mebrahtu akamwaga yote: doa, bati, mzee mwenye fimbo.

"Una uhakika kile wanachoonyesha si chenyewe?" Natnael aliuliza, akiwa ameacha kutazama simu zake.

"Kama ninavyokuona wewe."

"Basi ngoja nikutafutie mtaalamu. Ukisema wewe, watasema kijana ana wivu. Akisema mzungu mwenye miwani, watasikiliza hata mapadri."

Neno hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli, na kwa sababu lilikuwa kweli akakubali.

Mtaalamu alikuja katikati ya mfungo mkubwa wa kabla ya Pasaka. Jina lake Lorenz, mtu mrefu mpole, ndevu za kijivu, sauti ya hospitali. Aliletwa na dereva wa kutoka mjini, Goitom, kijana nadhifu aliyefunga kola mpaka juu. Mebrahtu aliwakuta Hawzen, kwenye mgahawa ulio mkabala na soko. Lorenz alikuwa anakula mayai. Mebrahtu, ambaye mfungo ulimshinda tangu alipokuwa chuoni, aliagiza injera na mchuzi wa shiro, akamkaribisha dereva.

"Karibu tule, ndugu yangu."

"Nimefunga," Goitom alisema, akiweka mkono kifuani. "Sitii kitu mdomoni mpaka saa tisa."

Mebrahtu akala tonge zake akitazama sahani.

Kawaida safari ya siku moja ilikuwa makanisa matatu. Lorenz alitaka moja tu. Mebrahtu alipoanza kumweleza watawa waliotoka ng'ambo ya bahari katika karne za mwanzo, waliopanda miamba hii kwa kamba na kuchonga humo nyumba za Mungu, Lorenz aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayesubiri tangazo liishe redioni.

"Na kitabu?" akauliza. "Kinakaa ndani ya kanisa? Au padri hulala nacho nyumbani?"

"Kinakaa ndani. Kuna chumba cha mwamba, kina kufuli."

"Kufuli la zamani?"

"Funguo tatu, watu watatu. Hawezi kufungua mmoja peke yake." Mebrahtu alisema hivyo kwa majivuno, kwa kuwa kazi ya mwongoza wageni ni kujibu, na yeye alikuwa hodari wa kazi yake.

Walipanda, wakafika kabla ya saa sita. Mlangoni Aboy Redae alikuwa amekaa mahali pake. Lorenz alivua viatu, akainamisha kichwa, akaingia. Goitom alibaki nje.

"Ingia basi," Mebrahtu alimwambia.

"Mimi nimeshakula leo. Siwezi kuingia nikiwa nimekula. Nitabusu mlango tu." Akabusu mwimo wa mlango, upande mmoja kisha upande wa pili, akasimama karibu na mzee.

Mebrahtu alisikia maneno hayo na yakampita. Akili yake yote ilikuwa imetangulia ndani.

Ndani kulikuwa na baridi ya mwamba na harufu ya ubani uliolala. Keshi Welday alitoka nyuma ya pazia na kitabu kimefungwa kwenye kitambaa, akakaa, akakifungua mapajani. "Hii ni Injili," akasema.

Lorenz alipiga magoti. Alitoa mfukoni kioo kidogo cha kukuzia, akakisogeza juu ya wino, akainusa ngozi. Keshi akavuta kitabu kifuani. Lorenz alisimama, akajifuta magoti, akamnong'oneza Mebrahtu kwa Kiingereza:

"Rafiki yangu, ulisema kweli. Hiki ni cha juzi juzi. Babu wa mtu fulani hapa alikiandika. Cha zamani hakipo."

Damu ilimpanda Mebrahtu kichwani. Wiki zote hizo alikuwa amejizuia. Sasa alikuwa na shahidi.

"Baba," alisema kwa Kitigrinya, na sauti yake ikagonga ukuta ikarudi, "hiki ndicho kitabu chetu cha zamani?"

"Mwonyeshe mgeni picha za darini."

"Nimeuliza."

"Na mimi nimesikia."

"Basi shika msalaba wako mkononi useme. Sema: hiki ndicho kile. Ukisema, nitakubusu miguu hapa hapa mbele ya mgeni."

Keshi alikuwa na msalaba wa mti, ule ule ambao Mebrahtu aliubusu kila asubuhi ya utoto wake. Mzee aliutoa, akautazama. Aliufuta kwa pindo la shuka lake, ingawa haukuwa na vumbi. Kisha akaurudisha kifuani.

"Siwezi kusema hivyo," alisema.

"Welday!" Aboy Redae alifoka kutoka mlangoni. "Funga kinywa!" Kisha akamgeukia kijana. "Na wewe, adabu hiyo uliisomea chuo gani? Ulilipa ada ngapi?"

Mlangoni, begani kwa mzee, Goitom alikuwa amesimama. Alikuwa amesikia kila neno, na kwa lugha yake mwenyewe.

Kushuka, na hata walipoingia garini, Mebrahtu alitarajia hasira. Alitarajia mtaalamu atasema lazima taarifa itolewe, lazima watu waitwe. Lorenz alikuwa ametulia kabisa, na hilo lilianza kumkwaruza Mebrahtu kidogo, kama kokoto ndani ya kiatu.

"Huzuni kubwa," Lorenz alisema. "Lakini pengine hakikuuzwa. Wakati wa vita watu wa huku walificha wapi vitu vyao?"

"Mapangoni. Wengine walizika. Wengine majumbani, ndani ya nafaka, chini ya vitanda vya wagonjwa, popote askari asipopekua."

"Majumbani," Lorenz alirudia, na Goitom akainua macho kumtazama Mebrahtu kwenye kioo cha gari.

Safari zote za Mebrahtu ziliishia kwa mama yake, kwenye kahawa. Wageni walipenda: majani mabichi sakafuni, ubani, kahawa ikikaangwa mbele ya macho. Adey Letemariam aliwapokea kwa tabasamu lake la wageni. Alipowamiminia kikombe cha kwanza, Goitom aliomba maji ya kunawa, na alipokwenda kuyachota mtungini alipita kwenye kihenge. Akakigonga kwa vifundo vya vidole. Ko, ko.

"Kihenge kizuri, Adey. Kimejaa?"

"Mungu asifiwe."

"Shayiri?"

"Shayiri."

"Nimesikia mwaka huu shayiri haikukubali pande hizi."

"Unasikia mengi wewe, mwanangu."

Lorenz hakuuliza tafsiri. Alikuwa anakitazama kihenge na yeye, kwa upole uleule aliokitazamia kitabu.

Adey Letemariam alichukua kata ya maji akaimwaga juu ya makaa. Moshi ukapaa.

"Moto umezimika," alisema.

"Mama! Bado vikombe viwili. Bado cha baraka."

"Nimesema moto umezimika, Mebrahtu. Wasindikize wageni wako."

Katika nchi yetu, kumwondoa mgeni kabla ya kikombe cha tatu ni kama kumtemea mate. Mebrahtu aliwasindikiza hadi garini akiomba radhi njia nzima, masikio yakimwaka. Lorenz alimpa mkono, akatabasamu, akasema hakuna shida.

Aliporudi ndani, mlango ulifungwa nyuma yake. Aboy Redae alikuwa ameufunga. Keshi Welday alikuwa amekaa kwenye kigoda, bado anahema kwa kuteremka mwamba kwa njia ya mkato.

"Sasa," Keshi alisema, "uliza swali lako vizuri."

"Swali gani?"

"Uliniuliza kama kile ndicho kitabu cha zamani. Sikuweza kuapa, kwa sababu sicho. Ulitaka kuniuliza nini hasa?"

"Ulikiuza?"

Keshi akautoa msalaba, akaushika kwa mikono miwili. "Sikukiuza. Sikumpa mtu. Sijapokea hata ngano kwa ajili yake." Akaurudisha. "Umeona? Ni swali dogo tu. Ungeliuliza mapema, ungelilala usingizi."

"Basi kiko wapi?"

Mama yake aliinuka tu kutoka mahali alipokuwa ameketi, mahali pake pa kila siku, na kwa mara ya kwanza Mebrahtu akaona kwamba mama yake hakuwa akipumzisha mgongo kwenye kile kihenge. Alikuwa akikilinda.

"Siku zote nilizolala hapa," Mebrahtu alisema taratibu. "Kitanda changu kiko..."

"Kitanda chako kiko hatua moja kutoka kwa Mtakatifu Luka," Aboy Redae alimalizia. "Na unakoroma."

"Mama, mimi mwanao! Hukuniambia?"

"Ulikuwa Mekelle tulipoapa. Watatu, funguo tatu, vinywa vitatu. Uliporudi nilitaka kukuambia. Nikakusikiliza unavyoongea na wageni wako. Mwanangu, wewe mtu akikuuliza rangi ya shuka ninalolalia utamjibu, na historia yake juu."

Maneno hayo yaliingia kwa sababu Mebrahtu aliyakumbuka mazungumzo ya njiani: kufuli, funguo tatu, mapango, nafaka. Yeye ndiye aliyesema. Keshi alimsogezea msalaba.

"Zamu yako. Umemwambia nani kuhusu doa?"

Angeweza kudanganya watu. Lakini ule mti aliubusu kabla hajajua kusema. "Natnael," alisema. "Ndiye aliyemleta huyu."

"Na huyo dereva?" Aboy Redae aliuliza. "Alisimama na mimi mlangoni. Akanieleza kwamba amekula ndiyo maana haingii. Kisha akaniuliza mlango huu hufungwa na nani usiku."

Mebrahtu alikaa chini sakafuni, juu ya majani.

"Hakula," alisema. "Asubuhi nilimkaribisha chakula. Aliniambia amefunga."

Mtu anaweza kufunga, anaweza kula, na Mungu atamwelewa. Lakini mtu anayefunga penye chakula na aliyekula penye mlango wa kanisa, huyo anatafuta kitu kingine.

Aboy Redae alichungulia dirishani. "Gari lao halijaondoka. Limesimama pale panapogawanyika njia. Wamefungua boneti."

"Basi kinatoka sasa hivi," alisema Adey Letemariam. "Wanawake wanakwenda mashineni kusaga. Nitakwenda nao."

"Utapita mbele yao?" Mebrahtu alishtuka.

"Nitapita wapi? Angani?" Alikuwa tayari ameingiza mikono ndani ya shayiri mpaka mabegani. "Na wewe tangulia. Nenda ukaongee nao. Si kuongea unajua?"

Alikwenda. Boneti ilikuwa wazi, na Goitom alikuwa ameinama juu ya injini.

"Maji yamepungua," alisema.

Injini haikutoa hata mvuke. Mebrahtu akajifanya hakuona. Akamgeukia Lorenz, akaanza: wafalme wa Aksum, sarafu zao zilizoondolewa mwezi zikawekwa msalaba, watawa na kamba zao, kila alichosoma na kila alichobuni. Alisimama upande wa pili, mbali na barabara, ili mgeni aipe barabara mgongo. Aliongea kama mtu anayemwagia maji nyumba inayowaka.

Wakaja. Wanawake watano na punda, vicheko mbele, vumbi nyuma. Punda wa mama yake alikuwa wa mwisho, gunia moja mgongoni.

Goitom aliufuta mkono kwa kitambaa, akajitenga na gari.

"Adey! Umetuzimia moto, halafu unakwenda kusaga? Ngoja nikusaidie, gunia limeinama." Na mkono wake ukatua juu ya gunia.

Mebrahtu alipoteza neno katikati ya sentensi. Lorenz akageuka.

Adey Letemariam alisimamisha punda. Alimtazama Goitom kuanzia viatu mpaka kola. Kisha akaupiga ule mkono kofi, pa!, kama anavyopigwa mtoto aliyegusa chungu.

"Toa mkono! Shayiri ya mjane haishikwi na mwanaume asiyejua kama amefunga au amekula."

Wanawake walipasuka kwa kicheko. "Amekula au amefunga?" mmoja aliuliza. "Liulizeni tumbo lake!" mwingine akajibu. Walimzunguka na punda wao, wakimcheka, na uso wa Goitom ukabadilika rangi. Alielewa kwamba ameonekana. Akarudi garini, akafunga boneti, na gari lenye maji yaliyopungua likawaka mara moja.

Jua lilipozama mama yake alirudi na unga, unga wa kweli, mweupe mpaka kwenye nyusi. Kihenge sasa kilikuwa na shayiri tu. Mebrahtu hakuuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza maishani kutouliza, na mama yake aliona, kwa sababu aliwasha makaa upya, akakaanga kahawa nyingine, na safari hii akamimina mpaka kikombe cha tatu.

Mpaka leo hajui Lorenz alikuwa nani. Labda mwizi. Labda msomi mwenye uchu tu, na dereva ndiye aliyekuwa na mipango yake. Simu za Natnael hazipokelewi. Kitabu kiko wapi anajua Mungu na watu watatu, na yeye si mmoja wao. Wageni bado wanapanda, na Keshi bado anakaa na kitabu mapajani na kusema, "Hii ni Injili."

"Anasema hii ni Injili," Mebrahtu hutafsiri, na hapo hunyamaza.

Ila kuna jambo moja jipya. Asubuhi, kule mgahawani Hawzen, wageni wakiwa bado wanafunga kamba za viatu, humsogelea kila dereva mgeni na sahani mkononi, akitabasamu.

"Karibu tule, ndugu yangu. Au umefunga?"

Jibu lolote analopewa hulipokea vizuri. Kisha hulibeba kimyakimya, kupita mawe, kupita ngazi za mwamba, mpaka mlangoni mwa kanisa, na hapo huuliza tena.